Umebadilisha pawasaplai, kompyuta bado haiwaki: safari imekatikia wapi?

Mwalimu mmoja wa sekondari aliingia karakanani kwangu Jumamosi, saa nne asubuhi, amekumbatia kompyuta ya mezani kwa mikono miwili. Ilikuwa ya ofisi ya taaluma ya shule. Pawasaplai yake ya zamani, kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya mashine, ilikuwa imekufa kwa vumbi: feni ilikwama, ikapata joto, ikatoa harufu, ikazima. Mwalimu alinunua nyingine na kuifunga mwenyewe siku mbili baadaye. Feni zilizunguka, taa ya mbele ikawaka, kisha skrini ikamwandikia kwamba hakuna diski ya kuanzia. Fundi wa kwanza alimwambia diski imeungua pamoja na pawasaplai. Wa pili akasema ni mazabodi, ule ubao mkuu unaounganisha vipuri vyote. Ndani ya diski hiyo mlikuwa na alama za mitihani za kidato cha tatu na cha nne, na nakala nyingine haikuwepo.

"Fundi," aliniambia, "ukisema imekufa nitakubali. Ila uniambie ni nini kimekufa, na umejuaje."

Swali lake nalichukulia kwa uzito, kwa sababu mashine nyingi nzima huishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu kwa kuwa hakuna aliyeliuliza. Neno "haiwaki" linafunika magonjwa mengi yasiyofanana. Kompyuta haiwaki kwa mkupuo mmoja. Tangu unapobonyeza kitufe hadi unapoona picha, kuna foleni: ukuta, pawasaplai, mazabodi, prosesa iliyo ubongo wa mashine, RAM iliyo kumbukumbu yake ya muda, kadi ya picha, diski. Kila mmoja humsubiri aliyemtangulia, na foleni ikikatika, mahali ilipokatikia hujitaja kwa dalili yake. Mashine iliyo kimya kabisa imekwama kituo kimoja, inayozungusha feni bila picha imekwama kingine, na ile ya mwalimu, iliyofika hadi kutafuta diski, ilikuwa karibu imefika nyumbani.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalihesabu. Kubadilisha pawasaplai ni kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Umechomoa karibu kila plagi ya umeme iliyomo ndani, umepitisha mkono juu ya RAM, umesukuma kebo za diski pembeni, pengine umeilaza mashine ubavu. Kwa mashine zinazonifikia baada ya kazi hii, kitu kilichoguswa au kusahauliwa ndicho chanzo mara nyingi zaidi kuliko kitu kilichoungua. Ndiyo maana naanza na plagi kabla sijashuku vipuri.

Kimya kabisa

Hakuna taa, hakuna feni, hakuna hata mlio mdogo. Anza nje. Nyuma ya pawasaplai nyingi kuna swichi yenye alama za I na O. Ikilala upande wa O, umezima. Kisha waya wa ukutani. Plagi ya pini tatu bapa tunayotumia Tanzania, Kenya na Uganda ina fyuzi ndani yake, na fyuzi hiyo inaweza kuwa ilikatika siku ileile pawasaplai ya kwanza ilipokufa. Nimeshuhudia mtu akinunua pawasaplai ya pili wakati kilichohitajika ni fyuzi ya plagi. Waya wa monita kwa kawaida ni wa aina hiyohiyo, basi badilishana nao kwa dakika moja ujue.

Kama nyuma kuna swichi nyekundu ya kutelezesha yenye maandishi 115 na 230, itazame kabla ya kuchomeka chochote. Umeme wa Tanzania ni volti 230, wa Kenya ni 240. Mashine na vipuri vilivyotoka Marekani hufika swichi hiyo ikiwa kwenye 115. Ukichomeka hivyo kwenye soketi ya kwetu utasikia mlipuko kama wa fataki, na pawasaplai hiyo imekwisha. Nyingi za sasa hazina swichi hiyo kabisa. Zimeandikwa 100–240V na hujirekebisha zenyewe. Ikitokea mlipuko, usilifungue kasha la pawasaplai kutafuta kilicholipuka. Kapasita zake kubwa hukaa na zaidi ya volti 300, na zinaweza kubaki na chaji hata baada ya waya kuchomolewa.

Sasa ndani. Kompyuta iliyozimwa lakini imechomekwa ukutani haijalala kabisa. Pawasaplai inaendelea kutoa volti 5 kwenye waya wa zambarau, pini ya 9 ya ile plagi kubwa ya pini 24 inayoingia kwenye mazabodi. Mimi huuita umeme wa kukesha, kwa sababu ndivyo unavyofanya: usiku kucha unalisha sehemu ndogo ya mazabodi inayosikiliza kama kitufe kimebonyezwa. Mazabodi nyingi zina kitaa kidogo kinachowaka mara tu umeme huo unapofika, hata kabla ya kubonyeza chochote. Kikiwaka, una hakika ya vitu vitatu: ukuta uko sawa, fyuzi iko sawa, na upande wa kukesha wa pawasaplai ni mzima. Kisipowaka, bonyeza upya plagi kubwa ya pini 24 hadi kishikizo chake kilie. Plagi hii ni ngumu, hasa kwenye mazabodi isiyowahi kuchomolewa, na watu huogopa kusukuma. Ikibaki imeinuka milimita mbili upande mmoja, mashine inaweza kuwa kimya kama maiti.

Kitaa kinawaka lakini kitufe hakifanyi kitu? Kitufe chenyewe hakipitishi umeme wa kuendesha mashine. Kinagusanisha pini mbili tu, mazabodi inapata habari, nayo inaushusha waya wa kijani, pini ya 16, hadi karibu na sifuri. Kushuka huko ndiko kunakoiambia pawasaplai ifungulie umeme wote. Kebo ya kitufe huingia kwenye mazabodi kwa kiplagi kidogo kama punje mbili za mchele, na mkono unaohangaika na kebo nene hukichomoa bila kuhisi. Tafuta pini zilizoandikwa PWR kwenye kona ya chini ya mazabodi, uziguse mbili kwa pamoja kwa ncha ya bisibisi kwa nusu sekunde. Mashine ikiwaka, tatizo lilikuwa kiplagi au kitufe, na umeokoa pesa.

Ukitaka kuijaribu pawasaplai peke yake, ichomoe kwenye kila kitu, unganisha tundu la waya wa kijani na tundu lolote la waya mweusi kwa klipu ya karatasi iliyonyooshwa, kisha ndipo uiwashe ukutani. Feni yake ikizunguka, imeitikia wito. Baadhi ya aina hazitaki kuwaka bila mzigo, kwa hiyo ziachie feni ya kasha au diski mbovu ya kulisha. Lakini watu huchukua jaribio hili kama cheti cha uzima, na sicho. Linakuambia pawasaplai inaamka. Halikuambii inatoa kiasi gani ikibebeshwa mzigo. Kwa hilo unahitaji maltimita, kifaa cha kupimia volti, nayo mashine ikiwa imewaka: ncha nyeusi kwenye waya mweusi, ncha nyekundu ikiingia kwa nyuma ya plagi. Njano iwe kati ya 11.4 na 12.6. Nyekundu kati ya 4.75 na 5.25. Ya chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Pawasaplai nyingi za siku hizi zina waya zote nyeusi, hapo itabidi uhesabu pini badala ya kufuata rangi.

Inaingia, lakini siyo yenyewe

Mpangilio wa ATX, yaani kanuni ya maumbo na plagi, uliotolewa na Intel mwaka 1995 ndio uliotuwezesha kutoa pawasaplai ya kampuni moja na kuweka ya nyingine. Lakini kampuni kubwa za kompyuta za ofisini hazikuufuata zote, na hizo ndizo zinazojaa kwenye maduka yetu ya mitumba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Dell walitumia plagi iliyofanana kwa macho na ya ATX huku nyaya zikiwa zimepangwa tofauti. Pawasaplai ya kawaida iliingia vizuri kabisa, na ukiwasha iliunguza. Mashine hizo ni chache sana leo. Tunazokutana nazo kila wiki ni za kizazi cha baadaye: OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zenye plagi kuu ya pini 8, au HP za aina ya EliteDesk na ProDesk zenye plagi ya pini 6. Afadhali hizi, maana pini 24 haziingii na mtu analazimika kusimama na kufikiri.

Anaposimama huuziwa adapta. Adapta nzuri zipo na zinafanya kazi. Lakini nunua iliyotengenezwa kwa modeli yako, kwa namba yake, kwa sababu plagi mbili zenye idadi sawa ya pini zinaweza kuwa na mpangilio tofauti, na baadhi ya mashine mpya hutaka umeme wa kukesha wa volti 12 badala ya 5. Ukiambiwa dukani "hii inaingia kwenye zote", iache.

Feni zinashtuka, zinazima

Dalili hii huwatisha watu kuliko kimya. Unabonyeza, feni zinajitikisa nusu mzunguko, kila kitu kinazima. Ukibonyeza tena hakuna kitu, hadi uchomoe waya ukutani, usubiri kidogo, uchomeke upya, ndipo zijitikise tena mara moja.

Hapa pawasaplai inafanya kazi yake. Imetoa umeme, imekuta shoti mahali, imejifunga ili isichome nyumba. Kuichomoa ukutani ndiko kunakoifungua. Kwa hiyo usiilaumu na usiirudishe dukani bado. Tafuta shoti. Chomoa diski zote, kadi ya picha, kila kitu cha nyongeza. Acha mazabodi, prosesa na feni yake, na kipande kimoja cha RAM. Ikiwaka hivyo, rudisha kimoja kimoja, ukichomoa waya wa ukutani kila mara, hadi uone ni kipi kinaiangusha. Ikiendelea kujifunga hata hivyo, angalia kama kuna skrubu iliyodondoka nyuma ya mazabodi. Baada ya hapo ndipo mazabodi inaweza kuanza kutiliwa shaka.

Kuna chanzo kimoja nataka kukaa nacho, kwa sababu kinaharibu vitu visivyonunulika tena. Kijana mmoja alinunua pawasaplai ya zile ambazo kebo zake huchomoka pande zote mbili. Ya zamani ilikuwa ya aina hiyohiyo, na kebo zake alikuwa amezipanga vizuri nyuma ya kasha, amezifunga kwa vibanio kila baada ya kiganja. Hakuona sababu ya kuzifumua. Akazichomoa kwenye ya zamani, akazichomeka kwenye mpya. Ziliingia bila kulazimisha. Alipobonyeza kitufe kulitoka mlio mdogo kama wa kijiti kinachovunjika, kisha harufu.

Upande wa diski, plagi ya umeme wa SATA, aina ya muunganisho wa diski nyingi za sasa, ina kanuni moja dunia nzima. Upande wa pawasaplai hakuna kanuni. Kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka, na mara nyingine modeli mbili za mtengenezaji mmoja hazifanani. Kwa kijana huyu volti 12 zilikuwa zimepita kwenye njia ya volti 5 hadi kwenye diski zake mbili. Nilipogeuza moja na kutazama karibu na soketi ya umeme kwa kioo cha kukuzia, niliona dayodi mbili ndogo nyeusi zilizokaa jirani, moja ikiwa na kijishimo katikati mfano wa tundu la sindano. Hizo ni dayodi za ulinzi. Volti zikizidi, dayodi hujitoa mhanga: inageuka shoti ili sehemu zilizo nyuma yake zipone. Baada ya hapo diski hiyo, popote utakapoichomeka, itaifanya pawasaplai ijifunge, na mtu atasema pawasaplai mpya ni mbovu.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu diski ya namna hiyo hutupwa, ilhali data yake mara nyingi bado imo. Fundi anayejua kazi ya sakiti anaweza kuiondoa dayodi iliyokufa na diski ikazunguka kwa muda wa kutosha kunakili vitu. Ulinzi hauwi umebaki tena, ni kunakili na kuistaafisha. Na kama picha za harusi au hesabu za biashara zimo humo, usijaribu mwenyewe, wala usiichomeke tena hapa na pale "kuona kama itawaka".

Kebo za zamani, basi, zitoke pamoja na pawasaplai ya zamani, hata kama zimefungwa vizuri namna gani.

Feni zote zinazunguka, skrini nyeusi

Hii ndiyo dalili ninayoletewa zaidi, na kwa sehemu kubwa ina jibu moja. Kwenye kona ya juu ya mazabodi, karibu na prosesa, mara nyingi imefichwa na feni ya kasha, kuna tundu la pini 4 au 8. Hilo hulisha prosesa peke yake. Lilikuja na toleo la ATX12V mwaka 2000, prosesa zilipoanza kuhitaji umeme mwingi kuliko plagi kubwa ilivyoweza kubeba. Plagi hii ikisahauliwa, plagi kubwa inaendesha feni na taa kama kawaida, lakini prosesa haina umeme, kwa hiyo hakuna wa kumwamuru mtu yeyote afanye lolote. Mashine inaonekana hai na hakuna anayefikiri ndani yake.

Wanaoikumbuka huikosea kwa namna nyingine. Pawasaplai huja na plagi mbili za pini 8 zinazoshabihiana: ya prosesa, ambayo hugawanyika 4 na 4, na ya kadi ya picha, ambayo hugawanyika 6 na 2. Mpangilio wao wa volti 12 na waya wa kurudishia ni kinyume kabisa. Maumbo ya pini yamewekwa yasiingiliane, lakini nimeona plagi iliyosukumwa kwa nguvu hadi plastiki ikatanuka. Ukihisi plagi inakataa, simama. Soma maandishi pembeni yake: CPU ni ya prosesa, PCIe au VGA ni ya kadi ya picha.

Kama plagi ya prosesa iko mahali pake, nenda kwenye RAM. Toa vipande vyote, safisha meno yake ya dhahabu kwa kifutio cheupe cha penseli, pangusa vumbi la kifutio, rudisha kimoja na ukibonyeze hadi vishikizo vilie. Sijui kazi nyingine rahisi hivi inayofufua mashine nyingi hivi. Kadi kubwa ya picha nayo ina plagi yake ya umeme. Isipochomekwa, nyingine huandika onyo kwenye skrini, nyingine hunyamaza tu. Na tazama waya wa monita umerudi kwenye tundu lilelile ulikotoka. Mashine yenye kadi ya picha ina matundu mawili ya monita, ya kadi na ya mazabodi, na wakati wa kurudisha mambo ni rahisi kuchomeka lisilo lenyewe.

Mashine inaweza kukusaidia ukiisikiliza. Mazabodi nyingi mpya zina taa nne ndogo zilizoandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (picha) na BOOT (diski ya kuanzia). Inayobaki imewaka ndiyo kituo lilipo tatizo. Za zamani hulia bipu kwa hesabu maalum. Maana ya hesabu hutofautiana kwa kampuni, kwa hiyo itafute kwa modeli yako. Lakini bipu zenyewe ni habari njema: prosesa inafanya kazi na inalalamika juu ya mwenzake. Kama hakuna bipu kabisa, hakikisha kwanza kwamba kispika kidogo cha ndani kipo, maana kwenye mashine nyingi huuzwa peke yake.

Inayowaka na kujizima na kujiwasha tena na tena, huku kila mara ikifika mbali kidogo au karibu kidogo, hunipeleka kwenye waya wa kijivu, pini ya 8. Pawasaplai ikiwashwa hujipima kwanza, kati ya moja ya kumi ya sekunde na nusu sekunde, kisha hupandisha waya huo hadi volti 5 kama kusema umeme umetulia, endeleeni. Hadi ishara hiyo ifike, mazabodi humzuia prosesa asianze. Pawasaplai dhaifu hutoa ishara, inabebeshwa mzigo, inayumba, inaifuta, na mashine inaanza upya. Hapo ndipo pa kusoma lebo. Usisome wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa nje ya boksi. Tafuta safu ya +12V, uone ampea zake, zidisha kwa 12. Pawasaplai iliyoandikwa "500W" huku safu hiyo ikisema 18A inakupa wati 216 kwenye njia ambayo prosesa na kadi ya picha hutegemea. Kadi ya wati 150 na prosesa ya wati 95 tayari zimeimaliza.

Imefika kwenye diski

Tumrudie mwalimu. Mashine yake iliandika ujumbe kwenye skrini. Ili iandike, ilibidi umeme wa kukesha uwepo, kitufe kisikike, ishara ya kijivu ije, prosesa ifanye kazi, RAM isomeke na picha ipatikane. Mazabodi iliyokufa haiandiki. Nilimweleza hivyo nikiwa sijafungua hata skrubu moja, akavuta kiti akakaa.

Mtu akifika hapa, kwanza aziangalie kebo mbili za diski: ya umeme na ile nyembamba bapa ya data, ambayo hulegea kwa kuguswa tu. Nilizibonyeza zote, nikaingia kwenye BIOS, programu ndogo ya mazabodi inayoamka kabla ya Windows. Diski ilikuwepo kwenye orodha, na jina la modeli yake na ukubwa wake sahihi. Diski iliyoungua sakiti haijitambulishi hivyo. Kisha nikatazama juu ya ukurasa. Tarehe ilikuwa 1 Januari 2014, saa sita na dakika tatu usiku.

Umeme wa kukesha una kazi ya pili isiyoonekana. Unapokuwepo, ndio unaolisha saa ya mazabodi na, kwenye mashine nyingi za umri huo, kumbukumbu ndogo inayotunza mipangilio ya BIOS. Ile betri bapa kama sarafu, CR2032, huchukua zamu pale tu mashine inapokosa umeme kabisa. Kompyuta ya ofisi ya taaluma ilikuwa kwenye UPS, kile kisanduku cha betri ya akiba, mwaka mzima na hakuna aliyewahi kuizima ukutani. Betri yake ilikuwa imekwisha zamani, na hakuna aliyejua kwa sababu haikuwahi kuitwa kazini. Pawasaplai ilipokufa na mashine ikakaa siku mbili bila umeme, betri iliitwa na haikuwa na kitu. Niliipima: volti 1.1, badala ya 3. Mipangilio yote ikafutika, BIOS ikarudi ilivyotoka kiwandani.

Kiwandani ilitoka ikitafuta Windows kwa njia mpya, ile inayoandikwa UEFI. Aliyeiandaa mashine hiyo kabla ya kuuzwa kwa shule alikuwa ameweka Windows kwa njia ya zamani, ile inayoandikwa Legacy, na kuibadilisha BIOS ilingane. Sasa BIOS ilitafuta kwenye mlango ambao Windows haikuwahi kuwekwa, haikuona kitu, ikasema kweli kwa kadiri ilivyoona: hakuna diski ya kuanzia. Kwenye mashine nyingine kinachorudi nyuma ni mpangilio wa SATA, yaani namna mazabodi inavyozungumza na diski, kati ya AHCI, RAID na IDE. Hapo Windows huanza kidogo, kisha hutoa skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, na mtu huambiwa aweke Windows upya na kupoteza vitu vyake, wakati kilichohitajika ni kubadilisha neno moja kwenye BIOS. Kwenye kompyuta zenye BitLocker, kufuli la Windows linaloficha data ya diski, mabadiliko kama hayo yanaweza kuifanya Windows idai ufunguo mrefu wa tarakimu 48 kabla ya kufungua. Utafute kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine au kwa idara iliyoiandaa, na usiifute diski kwa hasira.

Nilibadilisha betri, nikarekebisha tarehe, nikaweka Legacy, nikahifadhi. Windows ikafunguka kama ilivyoachwa, faili la alama likiwa palepale kwenye skrini. Mwalimu hakusema kitu kwa muda. Kisha akaomba flashi, na kabla ya jambo jingine lolote tukanakili folda nzima mara mbili, moja ikabaki kwangu hadi atakaponipigia kwamba nakala yake imefunguka shuleni.

Kabla sijafunga kasha nilikata kipande cha karatasi, nikaandika kwa kalamu: Legacy, AHCI, diski ya kwanza SATA 0, betri imebadilishwa, na tarehe ya siku hiyo. Nikakibandika kwa selotepu upande wa ndani wa kifuniko, mahali ambapo mtu wa kwanza atakayekifungua tena atakiona kabla hajagusa plagi yoyote.